Utelezi wa Majimoto

Bibi Sikudhani alikuwa na mahali pamoja tu alipoweza kwenda bila kushikwa mkono, na mahali hapo ni Majimoto. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Sokoni alipelekwa, zahanati alipelekwa, hata msibani alishikwa mkono kama bibi harusi. Lakini njia ya kwenda Majimoto ilikuwa imechimbwa na kwato za ng'ombe mpaka ikawa kama mfereji, na mtu akiingia ndani yake miguu yenyewe inajua kwa kwenda. Kila asubuhi baada ya chai alitoka na fimbo yake, akaenda kuloweka magoti, akarudi anaimba.

Selina alimwona akipita hivyo tangu yeye Selina ni msichana. Nyumba zao zilipakana, kwenye kijiji kile kilichojificha nyuma ya mawe makubwa, safari fupi ya bodaboda kutoka Mkiwa. Marehemu mama yake Selina na Bibi Sikudhani walilima pamoja, wakachota maji pamoja, mmoja akienda kanisani na mwingine akifunga Ramadhani, na sikukuu zote wakala sahani moja. Kwa hiyo Selina alimhesabu kama mama aliyebakiziwa na Mungu.

Majimoto yenyewe ilikuwa hivi. Juu kabisa, njia ya ng'ombe inapoishia, kuna jicho la chemchemi, na maji yanatoka humo yakifuka mvuke. Kutoka hapo mkondo unateremka juu ya mawe, unapoa kidogo kidogo, mpaka unapotea kwenye majani ya bondeni. Pale juu mawe yako uchi. Ukishuka kidogo yamevaa ngozi nyembamba ya manjano, halafu ya rangi ya chungwa, ngumu kama kiatu cha zamani. Chini zaidi ndipo panaanza kijani kizito kinachovutika na kuteleza kama mlenda uliokolea magadi. Pale paliitwa penye mlenda, na kila mzazi alimfundisha mtoto wake kwamba mguu hauingii majini mpaka ufike penye mlenda. Kwa nini iwe hivyo hakuna aliyeuliza. Ilikuwa desturi tu, kama kutopiga mluzi ndani ya nyumba.

Bibi Sikudhani aliifuata desturi hiyo kwa vidole. Alichovya ncha ya fimbo ukingoni, akaipitisha katikati ya vidole. Ikiwa kavu na safi, alishuka. Ikiwa na ngozi ngumu, alishuka tena. Ikija na mlenda, basi, alikaa juu ya jiwe, akapandisha kanga, akatumbukiza miguu na kusema, "Alhamdulillahi."

Sasa, Selina alikuwa amerudi shule. Usicheke, maana walicheka wengi. Alikuwa na wajukuu, alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa usharika, na jioni baada ya kufungia kuku alijifunga kitenge kizuri akaenda kukaa kwenye dawati la shule ya msingi, magoti yamegonga mbao, pamoja na watu wazima wengine ambao utoto wao ulipita bila darasa. Aliomba kabla ya kuingia na aliomba baada ya kutoka. "Bwana, nifungue akili," alisema, "maana umenikawiza, lakini hujaninyima."

Mwalimu wao, kijana mpole aliyeitwa Emilian, alikuwa akifundisha habari za magonjwa. Alieleza jinsi bakteria wanavyoleta kuhara na homa ya matumbo, viumbe wadogo ambao jicho haliwaoni mpaka wawe mamilioni. Selina aliinua mkono.

"Mwalimu, na ule utelezi wa Majimoto?"

"Hao nao ni bakteria, Mama Selina," alisema mwalimu huku akikusanya chaki, maana jua lilikuwa limeshazama na darasa halikuwa na taa. "Tena wengi sana."

Basi. Selina alirudi nyumbani na neno hilo moja, limemkaa kifuani kama kaa la moto. Bakteria! Mamilioni! Na wageni wa dayosisi wanakuja Jumapili kwa ibada ya mavuno, na wamesema wanataka kuona chemchemi. Na Bibi Sikudhani analoweka miguu humo kila siku ya Mungu! Aliona wazi kwamba ameitwa. Ndiyo kusudi la yeye kurudishwa shule uzeeni.

Jumamosi kina mama walikwenda na brashi za waya, mchanga, jivu na mafagio ya chelewa. Walisugua wakiimba. Walibandua manjano, wakabandua rangi ya chungwa, wakauzoa ule mlenda kwa makarai.

"Mama mwenyekiti," aliita Joyce, mdogo kuliko wote, aliyekuwa amejilaza juu ya jiwe moja kubwa kule chini, "hili lina uvungu. Mkono haufiki."

"Mkono haufiki au mwenye mkono kachoka?"

"Vyote viwili, mama."

"Msamehe, Bwana," alisema Selina, na wote wakacheka. Uvungu wa Joyce ukaachwa.

Likabaki swali la uchafu wenyewe, uumwagwe wapi. Bondeni wanakunywa ng'ombe. Kwenye majani watapita wageni. Selina akaonyesha juu, karibu na jicho, ambako ardhi ni ngumu na hakuna kinachoota. "Pale," alisema. "Jua litaukausha." Wakapandisha makarai kichwani, wakaumwaga pale kwenye ukingo, lundo la kijani kama kinyesi cha tembo, na wakaenda kuoga.

Jumapili Bibi Sikudhani hakwenda, aliwapisha wageni, wala hakuna aliyemwambia kwamba mawe yamesuguliwa. Wageni walisifu. Walipiga picha. Mmoja alisema hajawahi kuona mawe yanayong'aa vile.

Jumatatu asubuhi Selina alikumbuka karai lake alilolisahau Majimoto, akalifuata. Ilikuwa ile baridi ya Juni ambayo upepo unapita moja kwa moja kwenye mbavu, na mvuke wa Majimoto ulikuwa umetawanyika kila upande, juu na chini. Alipofika kwenye kichuguu cha kuingilia alimwona Bibi Sikudhani amesimama pale juu, kwenye jicho, ncha ya fimbo ndani ya lundo. Alimwona akiinua fimbo. Alimwona akisugua vidole. Alimwona anatabasamu, kama mtu anayekuta mlango ambao juzi ulikuwa mbali leo umesogezwa karibu.

Hapo Selina alielewa yote kwa mara moja.

"Bibi! Hapana! Bibi!"

Upepo ulikuwa unamvumia usoni, ukalibeba neno nyuma kwenda kijijini. Bibi Sikudhani alishika kanga yake, akaweka mguu wa kushoto majini.

Selina hakusahau sauti ile. Alikimbia, akamvuta kwa makwapa, wakaanguka pamoja kwenye lile lundo, na mama mzee akawa analia kwa Kinyaturu, akimwita mama yake aliyekufa zamani. Selina alichota maji baridi kwenye dumu ambalo wachunga ng'ombe huliacha pale, akamwagia mguu, akamwaga na kumwaga.

"Palikuwa na mlenda," Bibi Sikudhani alikuwa akisema. "Selina, si palikuwa na mlenda? Nimeshika mwenyewe."

"Palikuwa nao, Bibi."

"Sasa imekuwaje?"

Selina alimfuta uso kwa upindo wa kitenge. Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani.

Nesi wa zahanati alisafisha, akafunga, akasema mguu utapona, ila polepole, kwa sababu ya umri. Hilo lilikuwa la kumshukuru Mungu. Lakini jioni Selina alipokwenda kuomba msamaha, Zaina, binti wa Bibi Sikudhani, alimpokea mlangoni amekunja mikono. Hakumkaribisha kiti.

"Mama Fredrick," alisema Zaina, maana Fredrick ndiye kifungua mimba wa Selina, "mimi sina ugomvi na wewe. Najua hukukusudia. Nimekusamehe mbele ya Mungu. Lakini mama hatoki tena hapa uani."

"Nitampeleka mimi. Nitamshika mkono kila siku."

Sauti ikatoka ndani. "Nishikwe mkono? Kama mbuzi wa mnadani?"

"Mama, nyamaza ulale."

"Nimelala. Mdomo ndio uko macho. Selina!"

"Abee, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sitaki mkono wa mtu. Nirudishie mlenda wangu."

Ilikuwa ni utani, ila nusu yake tu. Selina alirudi kwake, akapiga magoti kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza maneno ya sala yakamgomea. Amwombe Mungu nini? Uponyaji wa mguu aliuomba. Msamaha aliuomba. Lakini lile lililoombwa na mama mzee, lile hasa, lilimtia aibu kinywani. Mwisho akalisema. "Bwana, uliyefanya mbingu na nchi na vyote vilivyomo, rudisha utelezi. Amina." Akabaki ameinamisha kichwa, hajui kama amekufuru au ameomba vizuri kuliko siku zote.

Darasani alikaa nyuma kabisa. Mwalimu Emilian alikuwa ameshasikia, maana kijiji ni kijiji. Hakufungua kitabu. Alikaa juu ya meza.

"Mama Selina, nilikuambia neno la kweli, lakini nilikuambia nusu yake, nikaenda zangu. Nilikuwa nawahi kuchota maji."

"Mimi ndiye niliyeibeba hiyo nusu, mwalimu."

"Basi tuibebe wote. Leo nimalizie." Akaeleza kwamba bakteria si wa aina moja. Wengine hutuletea magonjwa, wengine hawana habari na sisi kabisa. Na wako wanaopenda joto, wanaoishi kwenye maji ambayo yangemchubua mtu. Kila jamii ina joto lake. Wa manjano wanavumilia moto mkali kuliko wa rangi ya chungwa, na wale wa kijani kizito hukaa pale maji yalipopoa. Ukiwapandisha juu wanakufa, ukiwashusha wanasongwa na majani.

Alute, fundi baiskeli ambaye utani ulimtoka hata kwenye mitihani, akakuna kichwa.

"Kwa hiyo mwalimu, hao wadudu wamejipanga wenyewe? Kama watu kwenye foleni ya pembejeo?"

"Wamejipanga vizuri zaidi. Hakuna anayechomekea."

Watu wakacheka. Selina hakucheka. Alikuwa anaona mawe ya Majimoto, rangi kwa rangi, na mama yake akimshika bega utotoni: *mpaka ufike penye mlenda*. Rangi zile zilikuwa zinasema joto la maji, siku zote, kwa mwenye macho na asiye na macho. Na yeye alikuwa amezifuta kwa brashi ya waya.

"Watarudi?" aliuliza.

"Mawe mmeyasugua yote?"

"Yote," alianza kusema Selina. Akaukumbuka uvungu wa Joyce.

Kesho yake alikwenda Majimoto peke yake na jembe na karai. Lile lundo alilichota lote, akalibeba mbali, nyuma ya miiba, akalifukia ili lisimdanganye mtu tena. Joyce alimkuta anafanya hivyo, naye akajitwisha karai la pili. Walipomaliza walishuka mpaka kwenye jiwe kubwa, Joyce akalala kifudifudi na kuchungulia uvunguni.

"Wapo, mama," alisema. "Kijani tupu. Wamenenepa."

"Ubarikiwe na uvivu wako, mwanangu."

"Amina," alisema Joyce.

Tangu hapo Selina alipita pale mara kwa mara, akitoka kuangalia alizeti zake. Hakugusa kitu. Mwalimu alikuwa amesema dawa yake ni kuachwa. Mwanzoni hakuona badiliko lolote. Halafu pembeni ya lile jiwe kikatokea kivuli cha kijani, kama mvuke kwenye kioo. Kikashuka. Kikatambaa upande wa pili. Huko juu nako, mahali ambapo hakutegemea, ngozi ya manjano ikaanza kujishona yenyewe.

Lakini nyumba ya jirani haikuwa na nyimbo tena. Mguu ulikuwa unajifunga vizuri, nesi alifurahi. Magoti ndiyo yalivimba. Bibi Sikudhani alikaa kwenye mkeka ukutani, fimbo imelazwa kando, na watu wakimsalimia aliitikia kwa adabu tu, bila kumtania mtu. Selina aliona kwamba mama mzee anazimika hivihivi, kwa kuketi.

Ndipo Jumapili moja, wakati wa matangazo, Mzee Antipasi, mzee wa kanisa, akasimama kutoa habari njema. Wageni wa dayosisi wameandika. Wamefurahia mno usafi wa chemchemi, wanataka kuleta na wengine. Kwa hiyo baraza linaomba kina mama wasugue yale mawe kila mwisho wa mwezi.

Wanawake waligeuka kumtazama mwenyekiti wao. Angeweza kunyamaza, na mambo yakajiendea. Aliinuka.

"Baba mzee, naomba radhi. Hatutasugua."

"Hamtasugua?"

"Hapana. Wala mtu mwingine asisugue."

Mzee Antipasi alivua miwani. "Mama Fredrick, si wewe uliyesimama hapahapa ukatuambia ule ni ugonjwa? Ukasema wadudu, mamilioni?"

"Ni mimi. Wadudu ni kweli. Ugonjwa nilikuwa nimekosea." Akawageukia kina mama. "Mungu aliwapanga pale kila mmoja kwenye joto lake, na wazee wetu wakatushika mkono mpaka penye mlenda. Nilisoma kidogo nikaona najua. Bibi Sikudhani ameungua kwa ajili ya kusoma kwangu kidogo. Nitaendelea kusoma, maana nusu ndiyo iliyoniangusha. Lakini mawe yale msiyaguse. Wageni wakija tutawaonyesha rangi zenyewe, na tutawaambia zina kazi gani."

Nyuma akasimama Joyce.

"Naunga mkono hoja," alisema. "Mimi sijawahi kupenda kusugua."

Kicheko kilipita kwenye mabenchi, Mzee Antipasi mwenyewe akacheka kwa shida, akavaa miwani na kusema liandikwe hivyo.

Hata baada ya hapo Selina hakwenda haraka kwa Zaina. Alisubiri. Alisubiri mpaka alizeti zikapigwa, mpaka upepo ukabadilisha upande, mpaka asubuhi moja alipochovya kijiti penye mlenda na kijiti kikatoka kinaburuta uzi mrefu wa kijani. Alikibeba kama mtu anayebeba kibatari, kiganja kimekinga upepo, mpaka kwenye ua wa jirani.

"Shikamoo, Bibi. Leta mkono."

Bibi Sikudhani alitoa mkono. Selina akaweka ncha ya kijiti katikati ya vidole vile. Mama mzee alisugua. Akasugua tena. Akanusa. Uso ulikunjuka kidogo kidogo.

"Huu si wa lundo," alisema.

"Si wa lundo."

"Huu ni wenyewe. Umeutoa wapi?"

"Mahali pake, Bibi. Umerudi mahali pake."

"Zaina!" aliita mama mzee, na sauti ilikuwa ile ya zamani. "Zaina, njoo uone! Mwanafunzi ameniletea mboga asubuhi!"

Zaina alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama mama yake akicheka, meno yake machache yote nje. Kisha alimgeukia Selina.

"Lile lundo?"

"Nililifukia. Nenda ukaone mwenyewe."

"Nilikwenda," alisema Zaina taratibu. "Nimekwenda mara tatu. Nilitaka kuona utafanya nini." Akajifuta jicho kwa mkono wenye mwiko. "Haya. Lakini umfuate nyuma. Na wewe mama, kabla hujaingiza mguu, uweke kiganja juu ya maji kwanza."

"Kiganja nitaweka. Mkono wa mtu sitaki."

Wakaenda. Bibi Sikudhani alitangulia kwenye njia ya ng'ombe, anachechemea kidogo, fimbo inagonga kingo kushoto na kulia. Selina alimfuata kwa mbali, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, kidole kwa kidole, maana mikono yenyewe ilitaka kukimbia mbele.

Pale kwenye jicho mama mzee alisimama. Alichovya fimbo. Aliipitisha kwenye vidole: safi. Alishuka. Alichovya tena: ngozi nyembamba. Aliitupa kwa kidole gumba kama mtu anayekataa bei, akashuka. Jiwe moja lilimyumbisha, na Selina akauma mdomo. *Bwana, mshike wewe, mimi nimekatazwa.* Akachovya tena, ngumu, akashuka, na tena, na tena.

Kisha fimbo ilitoka na mlenda.

Hakutabasamu mara hii. Aliinama, akatandaza kiganja juu ya maji, akakaa nacho hapo muda mrefu, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Akagusa kwa kidole. Akaketi. Akapandisha kanga, na ule mguu wa kushoto, wenye kovu jipya la waridi, ndio aliouingiza kwanza.

"Alhamdulillahi," alisema.

"Amina," alisema Selina kutoka nyuma, na kifua chake kikafunguka.

"Ulikuwa huko unafanya nini, umejificha kama mwizi wa kuku? Njoo ukae. Magoti yako nayo nayasikia yakilia kila unapotoka kwenye madawati ya watoto."

"Nakuja, Bibi."

"Na uniambie, mwanafunzi, hawa wadudu wangu shuleni mnawaitaje?"

"Bakteria, Bibi."

"Bakteria." Alilitafuna neno, akalikubali. "Nao wanasoma jioni?"

Selina alicheka mpaka akajishika kiuno. Akavua kandambili zake, akaziweka juu ya jiwe pamoja na fimbo ya Bibi, akatandaza kiganja juu ya maji kwanza, kama alivyofundishwa.